"Break a leg": Heri iliyovikwa vazi la shari

"Break a leg" ni usemi wa Kiingereza anaoambiwa mwigizaji kabla hajapanda jukwaani. Maneno yenyewe yanamtaka avunjike mguu, ilhali kusudi lake ni kumtakia fanaka. Msingi wake ni ushirikina wa waigizaji: kumtamkia mtu heri waziwazi huaminiwa kuwa huleta nuksi, hivyo heri hufichwa ndani ya shari.

Wapo wanaouhusisha na John Wilkes Booth, mwigizaji aliyempiga risasi Rais Abraham Lincoln wa Marekani mwaka 1865, akavunjika mguu alipokuwa akitoroka. Dai hilo halina mashiko, kwani usemi huo umeanza kuonekana katika maandishi ya waigizaji karne ya 20. Lenye uzito zaidi ni kwamba ulitokana na usemi wa Kijerumani, "Hals- und Beinbruch", unaotaja kuvunjika shingo na mguu. Nao huo, baadhi ya wanaisimu huunasibisha na dua ya Kiebrania ya ufanisi na baraka.

Mfasiri na ajihadhari. "Vunjika mguu" kwa Kiswahili ni apizo tupu. "Kila la heri" yatosha.