Mapatano ya Ada, Si Rufaa ya Msaada

Kimenifikia mezani kijitabu cha kuwaelekeza vijana wa familia za Waswahili walioko Marekani wanaotaka kusomea sheria. Sura yake ya tatu inaitwa "Majadiliano na Rufaa ya Msaada wa Kifedha". Katika kichwa hicho chote, maneno ninayoyakubali ni "na", "ya" na "wa".

Jambo lenyewe msomaji analijua: chuo hutangaza ada kubwa, humpunguzia kinayemtaka, na mwenye barua za vyuo viwili hukiandikia kimoja akitaja alichopewa na kingine. Kazi yetu ni jina.

Rufaa hukatwa, tena hukatwa dhidi ya uamuzi. Mwanafunzi wa Tanzania aliyepangiwa kidogo na Bodi ya Mikopo hukata rufaa, na neno limekaa pake: bodi ni chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina vigezo vya uhitaji, na mwombaji anadai vigezo hivyo havikumtendea haki. Kwa Harvard na Yale, ambako fedha za wanafunzi wa sheria hutolewa kwa kupima uhitaji tu, naweza kulivumilia neno hilo. Lakini kwingineko kwingi chuo hakijahukumu kitu. Kimetaja bei. Ajabu ni kwamba kosa hili wanafundishwa mawakili wa kesho.

"Msaada" nao una shina moja na saada, yaani heri. Hupokelewa kwa mikono miwili na dua. "Ufadhili" umezidi, kwa kuwa umezaliwa na fadhila, na anayehesabu fadhila mbele ya mfadhili wake huonekana hana adabu. Ndiyo maana kijana wetu akipata barua ya chuo hushukuru akanyamaza, huku mwenzake wa meza ya pili ameshaandika barua mbili za kuomba nyongeza. Wapo pia wanaosema "udhamini". Mdhamini ni yule anayesimama kortini mshtakiwa asitoroke, sitaongeza neno.

Na kama ni bei, kuna ushahidi. Mwaka 1991 Wizara ya Sheria ya Marekani ilivishtaki vyuo vinane vya Ivy League pamoja na MIT kwa kukubaliana kiasi vitakachompa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyekubaliwa na zaidi ya kimoja. Sheria iliyotumika ni ile inayowabana wafanyabiashara wanaopanga bei kwa siri. Serikali yao ilishaliona. Kijitabu chetu bado kinaandika "msaada".

Sasa "majadiliano". Shina lake ni jadali, mabishano. Wabunge hujadiliana, wakatoka kila mmoja na lake. Neno langu ni mapatano, nami nalitetea kwa kiambishi kimoja tu: -an-. Pata ni kupata. Patana ni kupata huyu kwa huyu. Chuo nacho kina kinachokitaka: alama za LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria unaokwenda kutoka 120 hadi 180, kwa sababu alama ya kati ya wanafunzi wake huchangia nafasi yake katika orodha za ubora. Mwenye 172 akiingia chuo ambacho alama ya kati ni 168, anayefanyiwa hisani ni nani?

Nikaliambatanisha na ada. Ada ni desturi, kutoka Kiarabu, shina la kurudi, lile linalorudiwa mpaka likazoeleka. Pwani, kabla ya kuwa karatasi ya benki, ada ilikuwa ya kungwi, ya mganga na ya harusi: kilemba cha baba, mkaja wa mama. Na ada za harusi hazikutamkwa mara moja zikalipwa. Mshenga alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kwa hiyo ada na mapatano wamekaa nyumba moja miaka mingi, na aliyewatenganisha ni mtu wa semina. Hata muuza gari wa Dar es Salaam huandika bei, kisha chini yake: maongezi yapo. Pendekezo langu nililipeleka kwa wahusika likiwa na maelezo kamili. Nilijibiwa kwamba lina "harufu ya soko". Ndiyo, linayo.

Kwa matumizi, kwa haraka: atakayeingia katika mapatano ya ada asome kwanza takwimu ambazo chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kinavilazimisha vyuo kuchapisha kila mwaka, wangapi wamepunguziwa nusu, wangapi yote, na wangapi walinyang'anywa punguzo kwa kushuka alama, aombe sharti hilo liondolewe kabla ya kuomba dola, aandike kabla ya tarehe ya kulipia nafasi, na akumbuke kuwa kuanzia Julai 1, 2026 mkopaji mpya wa serikali kuu hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla.

Wakenya, ambao kwao ada ni karo, waseme mapatano ya karo. Hapo sina ugomvi na mtu.