Mabati Yana Wafadhili, Mwalimu Hana

Kwenye miteremko inayopanda kuelekea msitu wa Aberdare, katikati mwa Kenya, kuna chekechea yenye vyumba viwili ambayo mwaka huu tunaichangishia pesa. Mabati yake yameliwa na kutu, sakafu imepasuka, na choo cha watoto kilifungwa baada ya ukuta mmoja kuinama. Mimi si fundi wala mwanasiasa. Niliingizwa kwenye kamati kwa sababu nasoma shahada ya uzamili katika historia, na mwenyekiti wetu anaamini kwamba mtu wa historia anajua kuandika barua.

"Andika ya kutia huruma," aliniambia. "Lakini isizidi ukurasa mmoja."

Nikaanza kutafuta historia ya shule ili niiweke kwenye barua hiyo. Niliyoyapata hayakuenea kwenye ukurasa mmoja, na kadiri nilivyosoma ndivyo neno huruma lilivyozidi kunikwama kooni. Historia ya chekechea katika sehemu hizi ni historia ya deni, na wanaodai ni wale tunaowaita maskini.

Tuanze na vita. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari katika koloni la Kenya ili kuzima Mau Mau. Miaka miwili baadaye serikali ikaanza kuwaondoa watu kwenye mashamba yao na kuwasonga pamoja katika vijiji vyenye ulinzi. Kufikia mwisho wa 1955, Wakikuyu zaidi ya milioni moja walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya 800 vya aina hiyo. Nyumba za zamani zilichomwa. Vijiji vipya vilikuwa na walinzi, saa za kutotoka nje na kazi za lazima. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo kazi iliwaangukia wanawake: kuchimba makingo, kutengeneza barabara, na kuchimba mtaro mkubwa kwenye ukingo wa msitu ili wapiganaji wasifikiwe na chakula.

Mama akiondoka alfajiri kwenda kuchimba mtaro, mtoto wa miaka mitatu anabaki na nani?

Nyanya yangu alikuwa sehemu ya jibu. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka 14, aliyekuwa amesoma miaka michache katika shule ya Wakikuyu waliojitegemea kabla haijafungwa. Aliachwa kijijini pamoja na vikongwe wawili kuwaangalia watoto chini ya kibanda cha nyasi. Hakukuwa na ubao wala chaki. Aliwafundisha kuhesabu kwa mbegu za mbono, akizipanga kumi kumi kwenye vumbi.

"Hatukupaita shule," ananiambia. "Palikuwa mahali pa watoto tu. Lakini mtoto aliyetoka pale alijua kuhesabu."

Nilipomuuliza alilipwa nini, alicheka. "Wewe nawe, cucu wako alipwe na nani? Wakati mwingine mama mmoja akirudi aliniletea kiazi kitamu."

Serikali ya kikoloni nayo iliona faida ya mahali pa watoto. Idara ya Maendeleo ya Jamii, iliyoongozwa na Thomas Askwith, ilitumia vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoundwa mwaka 1952, kufikisha mafunzo ya usafi, ushonaji na malezi vijijini. Mtoto akitunzwa mahali pamoja, mikono ya mama inakuwa huru kwa kazi ya lazima, na utawala unapata cha kuonyesha kama wema wake. Kwa mama hesabu ilikuwa nyingine: mtoto ana mtu wa kumwangalia, na leo hatatambaa hadi kwenye moto. Pande zote mbili zilimhitaji yule msichana wa miaka 14, na hakuna iliyomwandika kwenye orodha ya mishahara.

Hali ya hatari ilipokwisha, watu hawakuhitaji kufundishwa namna ya kujenga shule kwa mifuko yao. Walikuwa wameshafanya hivyo. Katika miaka ya 1930, baada ya kutofautiana na misheni, Wakikuyu waliunda vyama viwili vya shule za kujitegemea, Kikuyu Independent Schools Association na Karing'a. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri chini ya Mbiyu Koinange. Michango ya chuo hicho ilikusanywa kwa marika, kila rika likitaka lisishindwe na jingine, na wanawake wakachangisha ya kwao kwa ajili ya bweni la wasichana. Vita vilipoanza serikali ilizifunga shule hizo na chuo pia. Majengo yalichukuliwa, lakini mazoea ya kuchanga yalibaki.

Tarehe 1 Juni 1963, siku Kenya ilipopata serikali ya madaraka, Jomo Kenyatta aliyapa mazoea hayo jina la taifa: Harambee. Lilikuwa neno la watu wanaovuta au kuinua mzigo mzito kwa pamoja. Liliwekwa hata kwenye nembo ya nchi. Mara nyingi tunalieleza kama wito wa ukarimu, lakini kijijini lilieleweka pia kama mapatano. Wananchi wangejenga madarasa na serikali ingeleta walimu. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson, waliochapisha kitabu chao kuhusu Harambee mwaka 1977, waliichunguza kama nguvu ya wananchi wenyewe kutoka chini. Wengine waliofuata walionyesha ujanja uliokuwamo: jamii iliwahi kujenga ili serikali ijikute imeshikwa mkono. Jengo likishasimama na watoto wakishaingia, ni afisa gani ataweza kusema haoni?

Kwa shule za sekondari ujanja huo ulifaulu kwa kiasi. Shule nyingi za Harambee zilipata msaada wa serikali na walimu wake, hata kama ni baada ya kungoja. Chekechea zilijengwa kwa mapatano yaleyale, lakini upande wa pili haukuitika. Hadi mwaka 1980 hazikuwa hata chini ya Wizara ya Elimu, bali chini ya wizara ya huduma za jamii, kana kwamba mtoto wa miaka minne hasomi, anatunzwa tu.

Mweka hazina wetu aliniazima daftari la kwanza la shule, lenye jalada la kahawia lililoshonwa kwa uzi. Linaanza mwaka 1968. Kurasa za mwanzo zina kichwa JENGO, na zimejaa. Mtu ametoa siku tatu za kubeba mawe kutoka mtoni. Mwingine ametoa kuku, na kuku huyo akapigwa mnada mara mbili kwa sababu mnunuzi wa kwanza alimrudisha kama mchango wake. Kikundi cha akina mama kimetoa mabati 20. Akina mama hao walikuwa mojawapo ya vile vikundi vya mabati vilivyoenea sehemu za Kati baada ya uhuru: wanawake walichanga kwa zamu ili kila mmoja aezeke nyumba yake na aachane na paa la nyasi linalovuja. Walipomaliza nyumba zao, wakaezekea watoto.

Katikati ya daftari kuna ukurasa wenye kichwa MWALIMU. Una mistari sita. Umeandikwa kwamba kila mzazi atalipa shilingi 2 kwa mwezi, kisha yanafuata majina ya waliolipa mwezi wa kwanza na wa pili. Baada ya hapo ukurasa ni mweupe. Shule haikufungwa, kwa maana kurasa za jengo zinaendelea hadi 1974, wakinunua rangi, misumari na kufuli. Watoto walikuwapo, na mwalimu alikuwapo. Aliishije? Daftari halisemi, lakini nyanya anasema walimjua wote: alilima kibarua mchana baada ya watoto kwenda nyumbani.

Nimeutazama ukurasa huo mara nyingi kuliko ukurasa wowote wa tasnifu yangu. Hauonyeshi ukatili wa mtu. Wazazi waliobeba mawe kwa siku tatu hawakuwa wachoyo. Tofauti ni kwamba ukuta unachangiwa mara moja na kuonekana miaka 50. Una siku ya kufunguliwa, una mgeni wa heshima, na jina la mfadhili linaweza kuandikwa juu yake. Mshahara unachangiwa kila mwezi, unaliwa, na mwezi unaofuata unadaiwa tena. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya unga wa mwalimu.

Wanasiasa waliielewa tofauti hiyo mapema. Harambee ikawa uwanja wa kuonyeshana vitita vya noti, na katika miaka ya 1980 michango mingi ilikuwa ya hiari kwa jina tu: machifu walizunguka na vitabu vya risiti, na wafanyakazi walikatwa mishahara. Mambo yaliharibika kiasi kwamba sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuwashinikiza watu watoe michango ya harambee. Haikuwa imebaki kazi ya kuinua mzigo kwa pamoja.

Kwa upande wa elimu kulikuwa na hatua. Mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo kiliundwa ndani ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, na vituo vya wilaya vikafuata. Walimu wa chekechea walianza kupata mafunzo wakati wa likizo, wakirudi darasani muhula ukianza. Walipata vyeti, lakini malipo yalibaki mikononi mwa wazazi. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, baadhi ya wazazi maskini walifanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya: kwa nini nilipie chekechea wakati darasa la kwanza ni bure? Wakawaweka watoto nyumbani wangoje miaka sita. Yule mwalimu asiyelipwa na serikali akapoteza hata zile shilingi chache.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha mambo kisheria. Jedwali lake la Nne lilizipa serikali mpya za kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, nyingi ziliajiri walimu, wengi kwa mikataba na malipo madogo. Mapatano ya 1963 yalianza kuitikiwa baada ya miaka 50.

Nasema yalianza. Chekechea yetu ina walimu wawili. Mmoja ameajiriwa na kaunti. Wa pili analipwa na wazazi, mwenye nacho na anapokuwa nacho.

Ndiyo maana kikao chetu cha bajeti kilichukua saa nne. Orodha ilikuwa na mabati, saruji, choo, tangi la maji na viti. Niliomba tuongeze mambo mawili: mshahara wa mwalimu wa pili kwa mwaka mzima, na barua kwa kaunti ya kudai aajiriwe. Mzee mmoja, ambaye baba yake yumo kwenye lile daftari kwa siku zake tatu za mawe, alitikisa kichwa.

"Watu hawachangii mshahara, kijana. Ukiuweka hapo watadhani kamati inataka kula."

Hakukosea. Kundi letu la WhatsApp lina watu wa kijiji walio Nairobi, Doha na Boston, na kila mchango wa M-Pesa ukiingia kuna anayeuliza picha ya mabati iko wapi. Pesa ya mtu aliyeko mbali hutaka kuonekana. Mama mwingine alileta hoja ngumu zaidi: tukimlipa mwalimu sisi, kaunti itasema hapa hakuna shida. Ni kweli pia. Kila mara jamii ilipoziba pengo, aliyepaswa kuliziba alilala usingizi.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Mshahara umeingia kwenye bajeti kwa miezi kumi na miwili, na umeandikwa waziwazi kuwa ni mkopo wa kijiji kwa kaunti, si mchango. Barua ya kaunti inaambatana na nakala ya risiti za kila mwezi, ili ajuaye kusoma aone tunahesabu. Hatujui kama mkopo huo utalipwa. Kufikia wiki hii tumepata pesa za mabati yote na nusu ya saruji. Kwenye mstari wa mwalimu, tumepata za miezi mitatu.

Barua yangu ya wafadhili ilipita ukurasa mmoja. Mwenyekiti aliisoma hadi mwisho, akauliza huruma iko wapi, kisha akaipiga muhuri. Aliyetoa mchango wa kwanza kwenye mstari wa mwalimu ni nyanya yangu, shilingi 200. Mweka hazina alipotaka kumwandikia risiti ya JENGO kwa mazoea, alimshika mkono akamwonyesha ukurasa aliotaka.