Noti Mpya za Januari 1995: Faranga na Swali la Nani Ndiye Serikali

Tunapozungumzia mwaka 1994 hapa Rwanda, tunazungumzia watu, na ndivyo inavyopasa. Katika insha hii nitatazama kitu kidogo kilichopita mikononi mwa watu hao: noti ya faranga. Hoja yangu ni kwamba kubadilishwa kwa noti mwezi Januari 1995 kulikuwa tendo la kisiasa kabla ya kuwa la kiuchumi.

Faranga ya Rwanda ilizaliwa mwaka 1964, pamoja na Benki ya Taifa ya Rwanda. Kabla ya hapo, tulitumia fedha moja na Burundi. Nguvu yake ilitegemea sana kahawa. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Vita vikaanza Oktoba 1990, na mwezi uliofuata serikali ikashusha thamani ya faranga kwa asilimia 40. Juni 1992 ikaishusha tena kwa asilimia 15. Kwa hiyo mkulima alikuwa amekwisha kuonja udhaifu wa fedha yake kabla ya 1994.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Serikali ya muda iliyoyasimamia ilikimbia Kigali mwezi Aprili kwenda Gitarama, baadaye Gisenyi, na Julai ikavuka mpaka kuingia Zaire. Ilibeba fedha za benki kuu. RPF iliingia Kigali tarehe 4 Julai, na serikali mpya iliyoapishwa tarehe 19 Julai ikakuta hazina tupu. Hali ilikuwa ya ajabu: walioshinda walikuwa na nchi bila fedha, walioshindwa walikuwa na fedha bila nchi. Na fedha hizo zingeweza kununua silaha.

Jibu lilikuwa noti mpya za faranga 500, 1000 na 5000, zenye tarehe ya 1 Desemba 1994. Januari 1995 noti za zamani zilifutwa. Mabunda yaliyovushwa mpaka yakageuka karatasi.

Lakini noti haimjui anayeishika. Katika kambi za Goma na kwingineko walikuwapo wauaji, na walikuwapo pia wakulima, akina mama na watoto. Faranga za mbuzi aliyeuzwa zilifutwa sawa na faranga zilizoibwa benki. Naona uamuzi ule ulikuwa wa lazima, ila tusiuandike kana kwamba haukumgharimu mtu asiye na hatia.

Nchi jirani inatusaidia kuuelewa. Mwanzoni mwa 1993 Mobutu alitoa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakafanya ghasia Kinshasa. Mobutu alikuwa na mitambo ya kuchapa, lakini neno lake halikuaminika tena sokoni. Kigali, miaka miwili baadaye, serikali changa isiyo na akiba ilitoa noti zake, na watu wakazipokea. Kwangu mimi, siku muuza maharage alipoipokea noti mpya na kurudisha chenji, ndipo swali la nani anaitawala Rwanda lilipojibiwa sokoni.