Vidonge vya sukari na kilo zinazopanda: siyo dawa zote zinanenepesha

Hapa Baraka na Fizi mtu akinenepa anasifiwa. Kwa hiyo mgonjwa wa sukari akianza vidonge na nguo zikaanza kumbana, jirani anasema dawa imekubali. Mwingine anaona vile vile, anaogopa, anaacha dawa. Wote wawili wangeuliza kwanza: ninakunywa kidonge gani?

Tunaongelea diabete ya aina ya pili, ile inayopata zaidi watu wazima. Metformini (wengine wanaijua kama Glucophage) inapunguza sukari ambayo ini linamwaga katika damu. Hainenepeshi, hata kuna wanaopungua kidogo; inasumbua zaidi tumbo, siku za mwanzo. Glibenklamidi, yaani Daonil, inasukuma kongosho litoe insulini nyingi. Insulini inaingiza sukari mwilini na inasaidia mwili kuweka akiba ya mafuta. Ndiyo sababu kilo zinapanda.

Lakini siyo nyingi kama watu wanavyofikiri. Uingereza walifuata wagonjwa zaidi ya 5000 kwa miaka mingi, matokeo yakatoka 1998. Baada ya miaka 10, wa glibenklamidi waliongezeka karibu kilo 1,7 kuliko wale waliotibiwa kwanza kwa chakula tu. Wa sindano ya insulini, kilo 4.

Basi aliyeongeza kilo nane kwa miezi michache, kidonge peke yake hakielezi. Kumbuka kwamba kabla ya matibabu sukari ilikuwa inatoka na mkojo, ndiyo maana mtu alikonda. Dawa ikifanya kazi, chakula kinabaki mwilini na anarudia uzito wake wa zamani. Huko ni kupona, siyo kunenepa.

Kuna sababu nyingine ambayo wagonjwa hawaisemi kwa muganga. Glibenklamidi ikishusha sukari kupita kiasi, mtu anatetemeka, anatoka jasho, njaa inamkamata. Anakunywa chai ya sukari au soda, na ni vizuri, inamuokoa. Lakini ikiwa ni kila jioni, kilo zitapanda tu, na kipimo cha dawa kinapaswa kuangaliwa upya.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi, juu ya vita. Familia ikikimbia usiku na kulala bila kula, anayekunywa glibenklamidi tumbo tupu anaweza kuzimia, hata kufa. Wazee wako hatarini zaidi: Shirika la Afya Duniani linasema dawa hiyo haifai kwa waliopita miaka 60, na katika orodha yake ya dawa za lazima limeweka gliklazidi (Diamicron).

Miguu ikivimba na pumzi ikawa fupi, hiyo siyo mafuta, ni maji. Dawa iitwayo pioglitazoni inaweza kuyaleta, na moyo uliochoka pia. Hapo ni hospitali siku ile ile.

Usiache kidonge kimya kimya, wala usibadilishane na jirani. Sukari inayopanda bila maumivu inaharibu macho, figo na miguu. Jipime kila mwezi kwenye balansi moja, andika kilo, na ukienda kituo cha afya chukua kisanduku cha dawa mkononi. Nyumbani, punguza donge la bugali kabla ya kupunguza ndagala. Sombe kula, ila mawese yasiogelee juu yake.