Mashine Bila Baraza

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Amri hiyo iligusa pia televisheni, na marufuku ya televisheni bado ipo katika kumbukumbu za wazee wetu. Ya kompyuta imesahaulika. Kila ninapowasimulia vijana wa rika langu wanaoishi kwa kuandika programu, hucheka kwanza, kisha huuliza swali lilelile: waliogopa nini?

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na swali hilo nimelibeba kwa muda sasa. Sehemu ya jibu nimeipata mahali ambapo wanahistoria hawaendi sana: katika mazungumzo ya kila mwezi ya kikundi cha watengenezaji wa programu hapa Tanga. Wenyewe hujiita madevelopa. Hukutana Jumamosi moja ya mwezi, alasiri, kwenye chumba cha kuazima chenye viti vya plastiki na projekta inayohitaji kubembelezwa. Mmoja huzungumza kwa dakika arobaini hivi, wengine huuliza, kisha hubaki wakibishana hadi mlinzi aanze kufunga madirisha. Mimi siandiki programu. Hukaa nyuma na daftari langu.

Ili kueleza kwa nini mkutano mdogo kama huo una uzito, lazima nirudi nyuma hadi mwaka 1965. Mwaka huo kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, jina la kampuni ya Kiingereza iliyoiuza. Baadaye ikaja mashine kubwa zaidi, ya mfululizo wa ICT 1900, na matumaini makubwa zaidi: hesabu za serikali zingeendeshwa na mashine. Hazikuendeshwa. Kazi ya kupanga mfumo ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni waliokuja kwa mikataba na kuondoka kwa mikataba. Mfumo ulipokwama, waliobaki ofisini walikuwa na mashine ya gharama kubwa na watu wachache mno wa kuuliza. Hesabu zilivurugika. Ukiongeza uhaba wa fedha za kigeni wa wakati ule, amri ya 1974 haionekani tena kuwa kichekesho. Nchi ilikuwa imelipia kitu ambacho haikuweza kukisimamia.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza waliogopa nini, huwaambia kwamba sidhani kama waliiogopa kompyuta yenyewe. Waliogopa mashine ambayo mwenye ujuzi nayo akipanda ndege, ujuzi nao umepanda ndege.

Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Miaka kumi kabla ya ICT 1500 kufika Dar es Salaam, kampuni za eneo la Los Angeles nchini Marekani zilikuwa na tatizo la jinsi hiyo. Zilikuwa zimenunua au kuagiza mashine za IBM, na mashine ziliuzwa karibu tupu. Programu za kuziendesha kila mteja alijiandikia mwenyewe, kuanzia mwanzo. Baadhi ya wateja hao walikuwa watengenezaji wa ndege, mahasimu wa kibiashara. Hata hivyo, mwaka 1955 walikaa pamoja na kuunda kikundi cha watumiaji kilichoitwa SHARE, wakaanza kupeana programu na kuelezana makosa waliyokutana nayo. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: hasara ya kumfundisha mshindani ni ndogo kuliko hasara ya kila mtu kugundua gurudumu peke yake.

Miaka ishirini baadaye jambo hilo likajirudia kwa watu wasio na kampuni. Tarehe 5 Machi 1975, mwaka uliofuata marufuku yetu, watu wapatao 30 walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Walikuwa na hamu ya kuona kompyuta ndogo iitwayo Altair 8800, ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua na kuiunganisha nyumbani. Kikundi hicho kiliitwa Homebrew Computer Club. Miongoni mwa waliohudhuria siku hiyo alikuwemo Steve Wozniak, ambaye baadaye aligawa kwa wenzake michoro ya mashine aliyokuwa akiibuni, ile iliyokuja kuitwa Apple I. Ninachokipenda zaidi katika kisa hicho hakimhusu Wozniak. Kinamhusu Fred Moore, aliyekuwa akiandika yaliyosemwa na kuyatoa katika kijarida. Tunayajua mengi ya gereji ile kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye kalamu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba sasa nitasema kikundi cha Tanga ni mtoto wa gereji ya California. Kwa sehemu ni kweli. Jina la utaratibu, projekta na hata fulana zao zinatoka huko. Lakini Tanga ina nasaba yake.

Sisi watu wa pwani tuna neno moja kwa vitu viwili. Baraza ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba, na baraza ni mazungumzo ya wanaokikalia. Neno limepanda hadi Baraza la Mawaziri, lakini maana yake ya chini haijapotea: mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kualikwa rasmi, akasikiliza, akauliza, akabishiwa. Pita Ngamiani jioni, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, utaona watu wamekaa, kahawa inazunguka, baiskeli zimeegemezwa ukutani.

Na Tanga iliwahi kuwa na baraza la karatasi. Wajerumani walifungua shule ya serikali hapa katika miaka ya 1890, ikafundisha vijana waliokuja kuwa walimu na makarani katika koloni zima. Shule hiyo ilikuwa na mtambo wa kuchapa, nao mtambo huo ulikuwa teknolojia mpya kwa wanafunzi kama kompyuta ilivyokuwa kwa makarani wa 1965. Tofauti ni kwamba wanafunzi walifundishwa kuuendesha. Kutoka hapo lilitolewa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, mara moja kwa mwezi, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Tanga. Walimu na makarani waliotawanywa bara na pwani walilipelekea habari, barua na mashairi. Mtu aliyekuwa peke yake na wanafunzi wake kijijini alijua kwamba mwezi ujao wenzake wangemsoma.

Lakini lazima niseme pia kwamba meza ile ilikuwa ya mwenyewe. Kiongozi lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Lilitoka katika miaka ya Vita vya Majimaji na baada yake, na hakuna aliyetarajia kusoma humo kilio cha waliochomewa mashamba. Waandishi wake walipata nafasi ya kusemezana, ila mipaka ya mazungumzo iliwekwa na aliyemiliki mtambo. Ndiyo maana nikitazama historia ya mikusanyiko ya teknolojia katika Afrika Mashariki huwa nauliza maswali mawili pamoja: nani anazungumza, na chumba ni cha nani?

Mikusanyiko hiyo ilishamiri katika ukanda wetu baada ya mwaka 2009, nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam na Mombasa. Machi 2010 iHub ilifunguliwa Nairobi. Dar es Salaam zikaja KINU na Buni, hii ya pili ikiwa chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa msaada wa Finland. Mombasa, jirani zetu wa kaskazini, wakaanzisha Swahilipot karibu na Fort Jesus. Vituo hivi vimelea watu wengi na kazi nyingi. Lakini kituo kina kodi ya pango, mishahara na mfadhili, na mfadhili ana ratiba yake. iHub yenyewe mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Nigeria.

Kikundi cha mazungumzo ya kila mwezi hakina cha kununuliwa. Hakina jengo. Kinahitaji chumba kwa saa tatu, umeme ukipatikana, na mtu mmoja aliyejifunza jambo mwezi huu na yuko tayari kusimama. Udhaifu wake na nguvu yake vinatoka hapo hapo.

Nitatoa mfano wa kinachotokea humo. Mwezi mmoja, kijana anayehudumia maduka ya jumla alieleza kwa nini programu yake ilikuwa ikionyesha mifuko ya sukari isiyokuwepo stoo. Umeme ulikuwa ukikatika katikati ya mauzo: fedha imeshaandikwa upande wa mauzo, mzigo haujaondolewa upande wa stoo. Alikuwa ameongeza ukaguzi huku na kule na hesabu bado hazikukubaliana. Dada mmoja akamwambia kutoka safu ya pili, "Kaka, hapo hujafunga muamala."

Kisha akaeleza. Ukienda Deep Sea kununua samaki, hutoi fedha ukaondoka mikono mitupu, wala mvuvi hakupi changu akakuacha utembee bila kulipa. Kutoa na kupokea ni kitendo kimoja. Kikikatika katikati, kila mtu anarudishiwa chake. Kanzidata nayo inaweza kuambiwa hivyo: hatua hizi mbili zihesabu kuwa moja, zitimie zote au zifutwe zote. Umeme ukikatika, mashine ikiwaka tena itaifuta ile nusu iliyobaki. Chumba kizima kilielewa. Neno muamala sote tunalo mfukoni, tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na simu zikaanza kututumia ujumbe kila fedha inapohama. Hakuna aliyehitaji kulisoma katika kamusi.

Niliandika kisa hicho chote daftarini kwa sababu kilinionyesha jambo ambalo vitabu vinalisema kwa mbali tu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa: mamia kwa mamia ya maneno ya menyu na maonyo yalitafutiwa Kiswahili chake. Tangu zamani hizo tuna maneno mengi mazuri yanayosubiri watumiaji. Lakini neno la kazi huzoeleka pale watu wanapolitumia wakiwa na shida mbele yao. Kwenye kikundi chetu, aliyesema "kodi yangu imegoma" alichekwa na kuulizwa kama ni ya nyumba au ya TRA. Tangu siku hiyo wengi wanasema msimbo, na hakuna aliyewalazimisha.

Marufuku ya 1974 ililegezwa hatua kwa hatua, hadi ikaisha. Leo kuna kompyuta katika kila mfuko wa suruali unaopita mtaani. Ila tatizo la Wizara ya Fedha halijaondoka, limebadili ukubwa tu. Kijana aliyekuwa akitufundisha mambo ya seva alipata kazi Dar es Salaam akaondoka, kilomita kama 350 kutoka hapa. Tulimfurahia, na anastahili. Mkutano uliofuata mtu aliuliza swali ambalo yule kijana alikuwa amelijibu kwa kirefu miezi mitatu nyuma. Watu saba chumbani walikumbuka kwamba lilijibiwa. Hakuna aliyekumbuka jibu lenyewe.

Nilimfikiria mkarani wa Wizara ya Fedha aliyesimama mbele ya mashine iliyonyamaza. Safari hii aliyeondoka hakuwa mgeni wa mkataba. Alikuwa ndugu yetu, alikwenda kwa basi, na ujuzi ulikwenda naye vilevile. Kinachoutofautisha mji unaomiliki teknolojia na mji unaoitumia tu ni kile kinachobaki mtu mmoja anapohama.

SHARE ilibakiza programu. Homebrew ilibakiza kijarida. Kiongozi, pamoja na mipaka yake yote, lilibakiza kurasa ambazo watafiti wanazisoma hadi leo, na baadhi ya mashairi yake yamekusanywa kitabuni. Mikutano yetu imekuwa ikibakiza picha za pamoja kwenye simu.

Kwa hiyo nimepewa kazi, na ninaifanya. Kila mwezi naandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nani alizungumza, shida ilikuwa nini, ilitatuliwaje, na neno gani lilizua ubishi. Mzungumzaji anaupitia na kunirekebisha, maana nusu ya mambo nayaelewa kwa mifano ya samaki. Kurasa zimefika tano. Zinawekwa mahali pawili: kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kikundi, na katika faili la karatasi ambalo limeachwa kwa fundi mmoja wa kompyuta Ngamiani, ili asiye na bando aweze kwenda kusoma.

Ukurasa wa mwisho unaishia kwa swali ambalo hatukulimaliza: programu ya duka ifanye nini pale umeme na mtandao vinapokatika kwa pamoja, na mteja ameshalipa? Yule dada wa muamala amesema atalifanyia kazi. Mwezi ujao ni zamu yake kuzungumza.