Figa la Tatu Ndani ya Kiini cha Atomi

Mwaka 1935 Hideki Yukawa wa Japani alieleza kwamba chembe za kiini, yaani protoni na nutroni, hushikana kwa kurushiana mesoni. Kwa muda mrefu hesabu zilifanywa kwa jozi tu, huyu na mwenzake. Mwaka 1957 Fujita na Miyazawa wakaonyesha kwamba jozi hazitoshi: chembe ya kwanza hurusha mesoni, ya pili huipokea, hugeuka nzito kwa kitambo kifupi mno, kisha hurusha nyingine kwa ya tatu. Ushahidi uko kwenye tritiumu, yenye chembe tatu tu. Inashikiliwa na nishati ya elektronivolti milioni 8.48, ilhali hesabu makini za jozi hufika kama 7.6. Oksijeni inasema zaidi. Kwa jozi peke yake, oksijeni-28 ingedumu. Mwaka 2010 Otsuka na wenzake walionyesha kuwa msukumano wa watatu ndio unaozuia, na mwaka 2023 oksijeni-28 ilipoundwa Japani ilivunjika papo hapo, ikabaki oksijeni-24 na nutroni nne.

Tatizo ni gharama. Chembe 24 zina jozi 276, lakini zina utatu 2,024, na kila utatu una hali nyingi mno za kukaa. Ndiyo maana wanafizikia humchukua mmoja wa watatu, wakaweka wastani wa chembe zote mahali pake, wakabaki na nguvu ya wawili na kutupa masalia ya nguvu ya watatu. Mtu atauliza: je, huko si kurudi kwenye jozi kwa mlango wa nyuma? Sivyo, kwa kuwa wa tatu bado anasikika ndani ya wastani. Mwaka 2007 Hagen na wenzake walipima kwenye heliamu-4, wakakuta kilichotupwa ni kidogo sana. Kwa maoni yangu, hatari halisi iko kwenye wastani unaochaguliwa. Katika viini ambavyo ngazi zake za nishati hazijajaa, nutroni hushikana mbili mbili, na njia rahisi ya kulieleza hilo ni kuvunja ulinganifu: idadi ya chembe huachwa iyumbeyumbe, wastani wake tu ndio uwe sahihi. Ukitoa wastani kwenye hali hiyo kisha ukatupa masalia, unapata nguvu inayoongeza na kupunguza chembe, jambo ambalo nguvu ya asili hailifanyi kamwe. Mwaka 2020 Ripoche, Tichai na Duguet walitoa dawa inayohifadhi idadi. Mwaka uliofuata Frosini na wenzake wakapendekeza wastani utolewe kwenye hali yenye ulinganifu kamili, hata kama kiini chenyewe kinahesabiwa kikiwa kimerefuka kama yai. Anayesema huko ni kuazima sura isiyo ya kiini hicho ana hoja, ila walipolinganisha na hesabu kamili, tofauti ilikuwa asilimia chache tu.