Sauti Kubwa katika Njia ya Malindi

Kijana akisimama jioni penye njia panda ya Gede, pale barabara ya Watamu inapoachana na ile ya Malindi, huweza kuitambua matatu inayokuja kabla haijatokea machoni. Huisikia kwanza kifuani kuliko masikioni: mdundo mzito, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetwanga mahali mbali. Kisha mabati ya kibanda kilicho karibu hutetemeka. Mwisho ndipo gari lenyewe hutokea, taa zake zikififia na kuwaka kwa kufuata mapigo ya ngoma. Watu wazima hutikisa vichwa wakasema kwamba haya ni mambo ya vijana wa siku hizi. Hilo ni nusu ya kweli. Mitambo ni ya siku hizi. Walakini tamaa ya mtu kusafiri huku sauti yake imemtangulia ni ya kale sana katika pwani hii, na ushahidi wake umeandikwa.

Mwezi wa Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Baada ya siku chache mfalme wa mji alitoka kwa chombo kwenda kuonana na Wareno baharini. Mmoja wa watu wa safari ile aliandika habari za siku hiyo. Aliona kiti cha shaba chenye mito, na mwavuli wa hariri nyekundu uliomkinga mfalme na jua. Aliona pia wapigaji wa tarumbeta, na pamoja nao pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, kila moja na urefu wa mtu mzima, zikipulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Hizo ni siwa. Basi Mreno alipomwona mfalme wa Malindi alimwona akiwa ndani ya chombo cha kusafiria chenye sauti kubwa kuliko ya mtu wa kawaida. Siwa nyingine mashuhuri, ya Pate iliyo ya pembe ya ndovu na ya Lamu iliyo ya shaba, zimehifadhiwa katika makumbusho mpaka leo.

Ni vema mwanafunzi aelewe siwa hufanya nini. Pembe haizalishi nguvu mpya hata kidogo. Nguvu yote ni pumzi ya mpulizaji; kazi ya pembe ni kuisaidia pumzi hiyo iingie hewani vizuri, isipotee bure. Kwa hiyo sauti ya siwa, ijapokuwa kubwa, ilikuwa na mpaka: mpaka wake ulikuwa mapafu ya mtu.

Mpaka wa pili ulikuwa desturi. Siwa haikupulizwa na yeyote aliyejisikia kuipuliza. Ilikuwa mali ya utawala, na ilitolewa kwa arusi za wakubwa na sherehe za mji. Wamijikenda nao, katika kaya zao nyuma ya pwani, walikuwa na mwanza, ngoma ya kusuguliwa iliyokuwa chini ya ulinzi wa wazee. Sauti yake ilikuwa nzito kama mngurumo wa mnyama, na asiye na ruhusa alipoisikia ilimpasa kujificha asiione. Hapakuwa na mtu aliyeuliza kwa nini mwanza inanguruma usiku. Kila mtu alijua ni ya nani na imetolewa kwa sababu gani.

Sauti ya njiani, ile ya wasafiri wa kawaida, ilikuwa ya namna nyingine. Zamani za ukoloni aliyetoka Mombasa kwenda Malindi kwa motokaa alikuta maji mbele yake zaidi ya mara moja. Mtwapa palikuwa na kivuko kilichovutwa kwa mikono. Wavutaji walishika mnyororo uliokatiza hori, wakauvuta huku wakiimba na kupiga miguu sakafuni, na mwenzao akipuliza ganda la kome la baharini. Wageni wengi waliopita pale walikumbuka kivuko hicho kwa nyimbo zake. Lakini nyimbo zile hazikuwa pambo tu. Ziliwafanya watu wengi wavute kwa pamoja. Wimbo uliponyamaza, chombo kilisimama. Kivuko cha Kilifi kiliendelea kuwasubirisha wasafiri hata mwaka 1991, daraja la sasa lilipofunguliwa.

Wakati huo wavutaji walipokuwa wakiimba, mbali sana na pwani hii mambo mengine yalikuwa yakitengenezwa. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alibuni taa ya umeme yenye vipande vitatu ndani, ambayo ilikuja kuwezesha umeme mdogo kutawala umeme mkubwa. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg walieleza spika ya koni inayosukumwa na koili ndani ya sumaku, na spika za leo, hata zile za matatu, ni watoto wa spika hiyo. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin ya Marekani ilianza kuuza redio ya motokaa kwa jina la Motorola.

Hapo ndipo lilipotokea tatizo ambalo halijaisha mpaka leo: betri ya gari ni dhaifu. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na betri ya volti 6, na taa za redio zilihitaji volti 100 na zaidi. Mafundi walilazimika kubeba betri nyingine za pembeni, na baadaye kuunda vyombo vya kuzipandisha volti. Desemba 1947 wataalamu wa maabara ya Bell walizaa transista, kidude kidogo kisichohitaji moto wala volti nyingi, na redio ikawa nyepesi, rahisi na ya kila mtu.

Katika nchi yetu, hata hivyo, gari la kwanza kunguruma mbele ya umati wa watu vijijini halikuwa la mtu wa kawaida. Lilikuwa la serikali. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilipeleka magari ya sinema yenye vipaza sauti, ili watu waonyeshwe picha na kuambiwa yale ambayo serikali ilitaka wayajue. Ulipofika wakati wa siasa za uhuru, vyama navyo vilipandisha vipaza sauti juu ya magari. Kwa hiyo kipaza sauti cha gari kilirithi kiti cha siwa: kilikuwa chombo cha mwenye amri, au cha mwenye kuitaka amri.

Mambo mawili yalikiondoa katika kiti hicho. La kwanza ni kaseti, iliyoletwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Redio humsikilizisha dereva yale aliyochagua mtu wa studio. Kaseti humwachia dereva mwenyewe achague. Dereva wa pwani aliweza sasa kusafiri na taarabu ya Juma Bhalo, mwimbaji aliyezaliwa Malindi mwaka 1942, au na muziki wa bango wa Mzee Ngala, bila ya kungoja saa ya kipindi. La pili ni matatu. Magari hayo, yaliyopata jina kwa nauli ya peni tatu za senti kumi, yalikuwa yakifanya kazi kwa kujificha mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Magari yakawa mengi na yakashindana. Mwendo wao ni mmoja, nauli ni moja, barabara ni moja. Basi la kumvuta abiria kijana likabaki rangi na muziki.

Sasa na tuingie katika karakana, maana hapa ndipo historia inapokutana na hesabu. Mwenye gari humwendea fundi na kumwambia, “Fundi, redio yangu haina nguvu.” Husema kweli. Injini ikizunguka, betri ya volti 12 hupata kama volti 14. Redio ikitumia volti zote hizo kusukuma spika ya omu 4, mwanafunzi wa fizikia anaweza kukokotoa mwenyewe kwamba haitavuka wati 25 hivi kwa kila spika, hata ikiwa kasha limeandikwa 50. Ili kuvuka hapo hapana budi kupandisha volti, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya amplifaya. Ndani yake mna sehemu inayouchukua umeme wa betri na kuuinua. Kisha sauti ndogo ya redio huutawala umeme huo na kuuumba kwa mfano wake. Amplifaya basi si pembe. Pembe huisaidia pumzi. Amplifaya huchota nguvu ya injini, yaani mafuta, na kuifanya ngoma.

Nguvu hiyo haiji bure. Amplifaya itoayo wati 500 za kweli, ikiwa hupoteza theluthi moja ya umeme kwa joto, hudai wati 750 katika betri, yaani ampea karibu 54. Altaneta ya gari dogo aghalabu hutoa ampea 60 hadi 80 kwa kazi zote pamoja. Ndiyo sababu taa hufifia kila ngoma inapopigwa. Fundi mwaminifu hutumia waya mnene kama kidole, huweka fyuzi karibu na betri, na hukwaruza rangi mpaka bati litokee kabla ya kufunga waya wa chini. Asiye mwaminifu hutumia waya mwembamba, akaupitisha chini ya zulia. Siku utakapochubuka na kugusa bati, gari huwaka moto.

Na kwa gharama hiyo yote faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Sikio letu halihesabu kama daftari. Ili sauti ionekane kwetu imeongezeka maradufu, nguvu yapasa kuongezwa karibu mara kumi: kutoka wati 25 hadi 250, na kutoka 250 hadi 2,500. Wenye magari wengi wamemaliza fedha katika ngazi hiyo.

Spika ya besi, au sabwufa, ni habari ya pekee. Sauti yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko matatu yenyewe. Wimbi kama hilo haliwezi kufungiwa ndani ya bati. Huzunguka pembe za nyumba, hupita kuta, na kumkuta mgonjwa kitandani. Ili kulizalisha, koni pana lazima isukume hewa nyingi, na lazima ifungwe katika sanduku, kwani hewa ya nyuma ya koni ikikutana na ile ya mbele huuana. Sanduku hilo huwekwa chini ya kiti cha nyuma, na abiria hulikalia. Sidhani kwamba ni bahati tu kwamba sauti inayopendwa hivi ni nzito kama ile ya mwanza. Mwili hutii sauti nzito kabla akili haijaulizwa.

Serikali imejaribu kuyapunguza. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo watu waliziita kwa jina la waziri John Michuki, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 zilikataza waziwazi kelele zisizo za lazima zinazowasumbua wengine. Hata hivyo mtu anayeumizwa zaidi hana wa kumshitaki, maana ni dereva mwenyewe na makanga wake. Wataalamu wa afya ya kazi huhesabu kwamba sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 94 umebaki saa moja, ambayo ni safari moja tu ya kutoka Kilifi hadi Malindi. Kwa desibeli 100, robo saa. Vijinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena.

Nami sijitoi katika habari hii. Nilipokuwa nasomea ualimu nilikuwa nikirudi nyumbani Malindi wakati wa likizo, na huko Kilifi niliiacha matatu moja iliyokuwa kimya nikapanda nyingine kwa sababu ya muziki wake. Nilikaa juu ya sanduku la besi, na kando yangu alikaa mzee mwenye mkongojo na kifurushi cha dawa. Nilikuwa nikitikisa kichwa kwa raha zangu. Tulipokuwa tumeshapita Matsangoni mbali, karibu na Mida, mzee aliinua mkongojo akagonga dari kwa nguvu mpaka gari likasimama na muziki ukapunguzwa.

“Shikamoo, mzee,” makanga akasema. “Mbona hukusema kama unashuka?”

“Marahaba, mwanangu. Nimesema tangu Matsangoni. Nimesema mara nyingi.”

Makanga alikuwa kijana mwenye adabu. Alimshika mzee mkono akamteremsha, akamrudishia nauli yake yote, kisha akagonga ubavu wa gari tukaondoka, na ngoma ikaanza tena. Niligeuka nikamwona mzee akirudi kwa miguu ukingoni mwa barabara, kifurushi mkononi, hata mikorosho ikamficha. Bega langu lilikuwa limegusana na lake njia nzima, na sikuwa nimesikia hata neno moja.